Hesabu ya Wanaovuka

9 Januari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye karatasi, na usinipigie simu kuniuliza kwa nini. Miaka ishirini na saba nimekaa masjala nikipokea barua, nikizigonga mhuri na kuzipangia majalada, na nilichojifunza ni kwamba neno la mdomoni hakuna anayelikumbuka siku ya kuulizana ikifika. Hili nataka likumbukwe.

Barabara yetu imetushinda. Si mashimo, mashimo tungeyashukuru. Mwaka jana wameiweka lami mpya, na tangu barabara kuu ianze kuwa na foleni, kila mwenye haraka anakata kona pale kituo cha mafuta na kupita kwetu. Wanashuka kile kilima kama wanaofukuzwa. Kuanzia shule, duka la mkate mpaka zahanati hakuna tuta hata moja, hakuna mistari ya kuvukia, hakuna kibao.

Unajua Baba anavyokwenda zahanati kila asubuhi kufanya mazoezi ya mguu tangu kile kiharusi. Nimesimama dirishani na saa mkononi. Kuvuka, Baba anatumia sekunde thelathini na moja. Gari likitokea juu ya kilima linafika kwetu kwa sekunde kumi na moja. Mhandisi ni wewe, fanya hesabu.

Kamati ya mtaa, ambayo mimi ni katibu wake, imeandika barua tatu huko kwenu. Tumejibiwa mara moja: "Suala lenu linafanyiwa kazi." Sentensi hiyo nimewachapia wakubwa mara nyingi mno, na maana yake naijua. Jalada limewekwa chini ya jalada jingine.

Ofisi hiyo ni yako. Fanya kitu.

Baba mzima. Mkono wa kulia, ule dhaifu, unamwuma kidogo. Ni baridi tu.

Dada yako


20 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika, na namba ya kumbukumbu umeiweka juu kulia kama inavyotakiwa. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini.

Jalada lenu nimelipata. Ulisema kweli, lilikuwa chini ya majalada sita. Nimelipandisha juu. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa hakuna cha undugu. Kujenga kivuko na matuta kunahitaji namba mbili. Ya kwanza, watu wasiopungua hamsini wawe wamevuka ndani ya saa mbili za asubuhi. Ya pili, magari yawe yanapita kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa. Namba zikiwepo, mnajengewa mwaka huu huu. Zisipokuwepo, hata nikipiga magoti mbele ya mkuu wa idara hatanisikiliza. Na kila mtaa unahesabiwa mara moja kwa mwaka. Mitaa thelathini na minne inasubiri nyuma yenu.

Siku ya kuhesabu huwa siri. Naivunja siri hiyo kwa sababu ni wewe: Jumanne, tarehe 13 Februari, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Atakuja mtu mmoja, atakaa ndani ya gari. Nakwambia ili siku hiyo usije ukawa umempeleka Baba hospitali kubwa. Nataka awepo, avuke kama anavyovuka kila siku.

Usimwambie mtu. Ichome barua hii. Najua hutaichoma, basi ifiche.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha. Jana mambo yamekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia.

Sikumwambia mtu isipokuwa Mwenyekiti, tena kwa siri. Mwenyekiti huyu, ambaye mtaa mzima tunamwita Ajenda kwa sababu hawezi kuomba maji ya kunywa bila kusema "ajenda ya kwanza", aliitisha kikao jioni ile ile. Alisema wageni wa serikali wanakuja kututazama, na tusikubali kuonekana watu wa hovyo. Kila mtu akashika lake. Barabara ilifagiwa tangu kituo cha mafuta. Wenye magari wa hapa mtaani wakapangwa kupita kwa zamu, polepole, mmoja nyuma ya mwingine, na wale wapita njia wenye haraka wakajikuta wamebanwa nyuma yao hawana pa kupenya. Mwalimu mkuu akawapitisha wanafunzi wote njia ya nyuma, uwanjani, wasije wakazagaa barabarani. Mwenye duka la mkate akapeleka mikate ya watu wa ng'ambo mpaka milangoni mwao, hivyo hakuna aliyelazimika kuvuka.

Barabara ilitulia kama siku ya sikukuu. Mtu wenu alikaa kwenye gari lake jeupe mpaka akaanza kusinzia, nikampelekea chai. Alishukuru sana, akasema hajawahi kuona mtaa wenye nidhamu hivi.

Hatukukuaibisha. Sasa wameona sisi ni watu gani, watupe kivuko chetu.

Baba alipumzika nyumbani.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Sijui nianze na salamu au nianze na kulia.

Karatasi ya hesabu iko mbele yangu. Waliovuka: watu kumi na mmoja. Wastani wa kasi: kilomita ishirini na saba kwa saa. Mtaa wetu ndio salama kuliko yote iliyohesabiwa mwezi huu. Mkuu wa idara ameusoma kikaoni, mbele ya watu ishirini, kuwa mfano wa mtaa usiohitaji chochote. Akaomba tuupigie makofi. Nimepiga makofi, Dada.

Mmemwita daktari, kisha mkamvisha mgonjwa suti na kumpaka poda. Angeandika nini zaidi ya "mzima"?

Siwezi kusema kwamba namba hizi ni za uongo. Nitaulizwa nimejuaje. Nimejua kwa sababu nilikutajia siku, na kutaja siku ni kosa la kufukuzisha mtu kazi. Basi nimekaa kimya na karatasi yangu, usingizi siupati, na jalada lenu limerudi chini. Mpaka mwakani.

Kuna jambo moja silielewi. Karatasi ina safu ya wazee na wagonjwa. Safu hiyo ina sifuri. Baba anavuka kwenda na kurudi kila asubuhi, mvua na jua. Jumanne ile alikuwa wapi?

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Usinipandishie sauti kwa wino.

Mimi nimefanya nilivyofundishwa. Mkaguzi akija, masjala hufagiwa, majalada hunyooshwa, na mwenye kikohozi huambiwa akakohoe nje. Miaka ishirini na saba hakuna aliyeniambia kwamba kuna wakaguzi ambao ukitaka wakupe kitu uwaonyeshe uchafu wako. Ungeniambia. Wewe uliandika namba, siku na saa; namba nilidhani mnazo tayari kwenye majalada, na hukuandika kwamba tubaki hovyo.

Baba alikuwa amechoka. Alilala. Basi.

Dada yako


3 Machi

Mwanangu wa mwisho,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Bahasha hii nimempa nesi wa zahanati aipeleke posta, ili isipitie kwa karani wetu.

Dada yako ameacha barua yako mezani, wazi, juu ya kitambaa. Mtu aliyeficha karatasi za serikali maisha yake yote haachi barua wazi kwa bahati mbaya. Nadhani alitaka niisome na alishindwa kuniambia.

Unauliza Jumanne nilikuwa wapi. Nilikuwa ndani, nimefungiwa. Niliamka, nikavaa viatu, nikachukua mkongojo, mlango haufunguki. Dada yako akasema kutoka jikoni kwamba kitasa kimeharibika, fundi anakuja. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Kitasa kibovu nakijua na kitasa kilichotiwa ufunguo nakijua. Nikavua viatu nikakaa.

Ajenda ndiye aliyempa wazo hilo. Alisema mimi nikivuka magari hupiga honi, na mimi nikipigiwa honi husimama katikati nikamtukana dereva mpaka nimalize. Haya ni kweli. Akasema nitawatia aibu mbele ya wageni. Dada yako akakubali.

Na jingine, maana nimekwisha kuanza. Mkono wangu hauumwi na baridi. Tarehe nne Januari kioo cha gari kilinigonga kiwiko na kunizungusha. Sikuanguka. Dereva hakusimama. Dada yako aliona kutoka dirishani, na kesho yake ndipo alipoanza kukuandikia ile barua ndefu. Alinikataza nisikwambie, anasema una kazi nyingi na utakuja mbio bure.

Usimkasirikie sana. Tangu siku ile anasimama dirishani mpaka nifike ng'ambo, na hata mimi mwenye mguu mmoja mzima naona anavyokonda. Lakini kwa lile la kunifungia nimeumia. Sikumwambia. Wewe nakwambia.

Baba yako


15 Machi

Baba, shikamoo. Dada, shikamoo. Hii ni yenu wote wawili, isomeni pamoja mezani.

Nimemwandikia mkuu wa idara. Nimeeleza kwamba nilitoa siku ya kuhesabu kwa ndugu yangu, mtaa ukajiandaa, na kwa hiyo karatasi ile haifai. Niliandika mistari minne tu. Kila nilipojaribu kuongeza wa tano ulikuwa wa kujitetea.

Amekubali kuifuta ile hesabu. Mtaa utahesabiwa upya na watu wa ofisi nyingine. Siku siijui, na safari hii sitaijua. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa mwezi wa sita. Ishini mnavyoishi.

Mimi niko sawa. Nimeomba kubadilishiwa kazi kwa muda, nipumzike na makelele ya vikao.

Dada, kwa lile la kiwiko, nilikaa nje ya ofisi kwenye ngazi nusu saa. Umenificha miezi miwili. Ningekuja, ndiyo. Na nisingekuja bure. Kwa lile la mlango sina la kusema, la kusema unalo wewe, na wa kuambiwa umekaa naye meza moja.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Nilimwomba Baba msamaha jioni ile ile, kabla hata ya kuikunja barua yako. Alisema, "Haya." Akaomba chumvi. Kwa Baba hiyo ni hotuba. Nimemwahidi kwamba sitamzuia tena kutoka kwenye mlango wake, liwe liwalo. Nimetoa ufunguo kitasani nimempa, anao mfukoni.

Na wewe usinifanye mtoto. Bahasha yako ya mwisho ilikuwa na mhuri wa bohari. Namba ya kumbukumbu nayo inaanza na herufi za bohari. Hakuna mhandisi anayeomba kwenda kupumzika bohari. Umepewa onyo la maandishi, umeondolewa kwenye mradi, na sasa unahesabu vibao na makopo ya rangi. Nimekosea wapi? Umepoteza meza yako kwa sababu ya mdomo wangu na ufagio wa Ajenda. Najua neno pole halitoshi hapa, nalisema tu.

Kamati nimeiambia kuna hesabu nyingine, siku haijulikani, na atakayethubutu kufagia nitamshughulikia mimi. Ajenda alitaka tujadili. Nikamwambia hakuna ajenda.

Lakini kukaa hivi kunanimaliza. Kila gari linalosimama kivulini roho inaniruka. Nikiona magari yanaenda polepole nakasirika, natamani yakimbie. Juzi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikatiza mbio mbele ya basi la shule, likampita karibu kabisa, na mimi dirishani, badala ya kuogopa, nikasema, "Mmoja." Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nililiacha dirisha nikaenda kuosha vyombo visafi.

Ulikuwa ukitaka nikuonyeshe uchafu wetu. Huo hapo.

Dada yako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Wamekuja jana. Nakuandikia mbio, soma hivyo hivyo.

Baba alitoka saa moja na dakika ishirini kama kawaida. Alisimama ukingoni, akasubiri, akavuka. Mimi niko dirishani. Akafika kwenye ukuta wa zahanati, lakini hakuingia. Alipita taratibu karibu na gari la kijivu lililokuwa limeegeshwa pale, kisha akageuka, akasubiri, akavuka kurudi huku. Nikadhani amesahau karatasi zake. Akafika upande wetu, akapumua, akageuka, akavuka tena.

Safari ya tatu ndipo nikaelewa. Jioni aliniambia alivyojua: mtu aliyekuwa ndani ya gari ameshika gazeti nusu saa hafungui ukurasa, na kidole gumba kinabonyeza kitu juu ya paja. Mtu aliyelala kwenye mizani za barabarani miaka thelathini na moja anawajua wahesabuji.

Safari ya tano lori lilitokea juu ya kilima. Lilipiga honi, likaendelea kupiga, matairi yakalia, likasimama hatua moja kutoka kwake. Mdogo wangu, sijui nilikuwa wapi wakati ule, mwili wangu ulikuwa mlangoni na mkono juu ya kitasa. Baba hakumtukana dereva. Hakumtazama hata. Alimaliza kuvuka.

Sikutoka. Nilikuwa nimemwahidi. Na kwa sababu nyingine pia, nikifa niikute imeandikwa: nilikuwa nahesabu.

Watoto wa shule walipita, makundi kwa makundi, wanakimbia kama kuku. Watu wa mkate wakapita. Baba alivuka mara tisa. Ya tisa ilichukua muda mrefu kuliko sekunde zangu zote, mguu ulikuwa hautaki tena, aliuvuta. Kisha akaingia zahanati na kumwambia nesi kwamba leo mazoezi amekwisha kufanya.

Mpaka sasa amelala. Nimemkanda mguu kwa maji ya moto. Nimekwenda mara nne kutazama kama anapumua.

Dada yako


7 Mei

Dada, shikamoo, na Baba.

Karatasi nimeonyeshwa na mwenzangu wa meza ya pili, alishuka nayo bohari ameificha ndani ya koti. Waliovuka: sitini na watatu. Wastani wa kasi: hamsini na nane. Safu ya wazee na wagonjwa ina namba tisa, na pembeni mhesabuji ameandika kwa kalamu: "Ni mzee mmoja mwenye mkongojo. Nimemhesabu kila mara, kwa kuwa kila mara hakuna gari lililosimama kwa hiari."

Wamepitisha. Kivuko kilichoinuliwa mbele ya duka la mkate na matuta mawili, moja chini ya kilima na jingine kabla ya shule. Kazi inaanza wiki ya pili ya Juni. Vibao vyenu nitavitoa mimi kwa mkono wangu, nimekwisha kuviweka kando vile visivyo na mkwaruzo.

Nimepiga hesabu upya jana. Mtu mmoja huhesabiwa kwenda na kurudi, haizidi hapo. Hata wakizitoa zile safari saba za ziada za Baba, zinabaki hamsini na sita. Zilitosha bila yeye. Tafadhali usimwambie.

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Katika nyumba hii tumefichana vya kutosha mwaka huu.

Nilimsomea barua yako yote mezani, na nilipofika pale mwishoni sikuruka hata neno. Zilitosha bila yeye. Akasukuma kikombe pembeni. Nikafikiri nimemvunja moyo, nikaanza kumwambia kwamba bila yeye yule mtu asingeandika yale maneno pembeni, kwamba pengine maneno ndiyo yaliyopitisha. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Sikuvuka ili zitimie," akasema. "Nilikuwa nimekaa ndani Jumanne nzima nimevua viatu. Nilitaka waandike kwamba nipo."

Nililia mbele yake, mdogo wangu, sijalia mbele yake tangu nikiwa darasa la tano. Alinisubiri nimalize, kisha akauliza zimebaki wiki ngapi mpaka hiyo kazi ya Juni. Nikamwambia nne.

Magari bado yanashuka kilima vile vile. Leo asubuhi mawili yalikuwa yanashindana. Niliweka chupa ya chai mezani, nikavaa viatu vyangu, nikatoka naye, nikasimama upande wa kulia kwake, upande wa kilima. Alinitazama, akasema natembea polepole mno. Tukavuka.

Dada yako